Farasi Ana Ratiba, Punda Ana Kamba

Punda akichechemea hapa Kibirichia, anafanyiwa mojawapo ya mambo mawili. Ama anachapwa aendelee na safari, kwa sababu lori la waru linangoja barabarani na dereva anapiga honi. Ama mwenyewe anaingiwa na huruma, anamfunga kwa kamba ya mita mbili kando ya barabara, palipo na nyasi nzito ya kijani, na jioni anamletea karai la maganda ya waru na makapi ya mahindi ili "apate nguvu." La kwanza ni ukatili, na hata anayelifanya anajua. Hilo la pili ndilo nataka tugombane juu yake, kwa sababu linafanywa na watu wema, majirani wanalisifu, na linawaua punda wetu polepole.

Najua wengi wenu mnasoma hii mkiwa Roysambu au Umoja, na punda wa mwisho mliyemwona alikuwa kwenye kichekesho cha simu. Sawa. Lakini ile sahani ya chipo uliyokula jana pale Tom Mboya, huenda waru yake ilikuwa Shangi, na huenda Shangi hiyo ilitoka huku kwetu Buuri, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ambako mvua ikinyesha lori haliingii shambani hata umlipe dereva mara mbili. Kutoka shambani hadi lami kuna kilomita moja au mbili za matope. Kilomita hizo hazionekani kwenye risiti yoyote. Ni za punda.

Sasa niseme haya nayajulia wapi, kabla mtu hajaniuliza. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo cheti sina. Ninachofanya ni kuandikia watu mtandaoni, kwa jina lao, kwa dola chache. Kwa miezi kadhaa mteja wangu mkubwa alikuwa anataka makala kuhusu farasi wagonjwa: walishwe nini, watolewe malishoni saa ngapi, warudishwe bandani saa ngapi, wakae na nani. Wasomaji wake wako Uingereza na Marekani na hawajui kwamba aliyewaandikia yuko Kibirichia, amejifunika blanketi, bando likikaribia kuisha. Ilibidi nisome sana. Na kila nikiinua macho kutoka kwenye simu, dirishani namwona punda wa jirani amefungwa palepale alipofungwa jana.

Hapo ndipo hasira ilianzia. Farasi wa kule, ambaye kazi yake ni kupanda mtoto Jumamosi, ana ratiba iliyoandikwa. Kwato zikimuuma, anatengewa uwanja usio na nyasi. Nyasi kavu zake zinalowekwa majini saa moja au zaidi ili sukari ipungue. Akitolewa malishoni anavishwa kifuniko cha mdomo chenye tundu dogo, ale kidogokidogo. Anapewa mwenzake wa kukaa naye asishikwe na upweke. Punda wa Kibirichia, ambaye amesomesha watoto wawili sekondari, ana kamba.

Usinijibu kwamba hiyo ni anasa ya wazungu. Hebu kwanza tuangalie punda ni nani.

Punda si farasi aliyekosa kukua. Babu yake ni punda mwitu wa Afrika, yule wa nchi kavu za Eritrea, Ethiopia na Somalia, na alianza kufugwa katika bara hili letu karibu miaka 7,000 iliyopita. Mwili wake ulitengenezwa kwa mawe, jua na majani magumu. Teremka kutoka huku juu hadi Isiolo uone: kule punda yuko nyumbani. Anatembea kutwa akitafuna vijiti ambavyo ng'ombe wa gredi angevitazama tu. Anahitaji chakula kidogo kuliko farasi wa ukubwa wake, pengine nusu, pengine robo tatu. Punda wa kilo 160 anatoshwa na kilo mbili na nusu hivi za malisho makavu kwa siku, lakini anataka kuzitafuna taratibu, saa kumi na nne, kumi na sita. Tumbo lake limezoea kazi ndefu ya mshahara mdogo.

Mtu huyohuyo tumempandisha huku. Kibirichia kuna baridi, ukungu, na nyasi ya kikuyu inayomea hata kwenye ufa wa ngazi. Nyasi hiyo ni ya nyanda zetu za juu, na wenzetu waliipeleka mpaka Australia. Kule waligundua jambo ambalo sisi wenye nyasi hatujawahi kuambiwa: farasi akilishwa hiyo peke yake kwa muda mrefu, kuna kemikali ndani yake inayoshika kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Mwili unaanza kuchimba kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Mifupa ya uso inavimba, mnyama anachechemea leo mguu huu, kesho ule. Wanauita ugonjwa wa kichwa kikubwa. Ng'ombe anavumilia nyasi hiyo vizuri zaidi kwa sababu tumbo lake la kwanza lina wadudu wadogo wa kuivunja kemikali hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia "mbona ng'ombe wangu anaila na hana shida," mwambie punda si ng'ombe.

Halafu kuna kwato, na hapa naomba unisikilize polepole.

Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo umeshikiliwa kwenye ukuta wa ukwato na matabaka membamba ya nyama, kama kurasa za kitabu zilizoingiliana na kurasa za kitabu kingine. Uzito wote wa mnyama unaning'inia hapo. Punda mnene akila sukari na wanga mwingi, damu yake inajaa insulini, na insulini ikikaa juu siku kadhaa, kurasa zile zinavutika na kuachana. Ndiyo, insulini ileile ya kisukari cha shosho. Madaktari wa wanyama wanauita ugonjwa huu laminaitisi. Punda anaanza kutembea kama anakanyaga misumari. Anasimama ameegemea nyuma ili aipumzishe miguu ya mbele. Ukwato una joto ukiugusa, na juu yake kidogo unasikia mshipa ukigonga. Ikizidi, mfupa unazunguka na kushuka ndani ya ukwato.

Na nyasi ipi ina sukari na wanga mwingi? Ileile changa, iliyonyeshewa ikapigwa na jua, ya kando ya barabara. Makapi ya mahindi yana wanga. Maganda ya waru yana wanga, na yakiwa ya kijani au yameota macho yana sumu juu yake. Yaani karai la huruma lina kila kitu ambacho daktari angekataza. Huyo punda mwenye shingo nene iliyolala upande mmoja kama mto, ambaye kila mpita njia anasema "wueh, huyu analishwa vizuri," ni mgonjwa. Hayo ni mafuta. Yakishakaa shingoni hivyo hayaondoki kwa urahisi, na mwenye nayo yuko karibu na kuanguka.

Kwa nini hatuoni? Kwa sababu punda haonyeshi maumivu. Porini anayeonyesha huliwa. Farasi akiumwa anatoa jasho, anagaagaa, anaita nyumba nzima. Punda anasimama tu, kichwa chini, masikio nyuma kidogo, na sisi tunasema amekuwa mkaidi. Halafu tunajidai na methali yetu, ati shukrani ya punda ni mateke. Jaribu wewe kuvuta mkokoteni na kucha zinazong'oka, kisha mtu akupapase mgongoni akikuambia pole. Utampiga teke pia.

Msimu wa mvua uliopita punda wa baba mdogo alichechemea wiki tatu. Aliitwa mtu wa sindano. Alikuja na pikipiki, akadunga mbili shingoni, akasema ni "vitamini na ya maumivu," akalipwa, akaondoka. Hakuinua hata mguu mmoja. Wiki tatu za kuchechemea, na mtu aliyekuja kutibu kuchechemea hakuinua mguu. Mimi nimezoea kulipwa kwa maneno tu, lakini hata mimi siwezi kulipisha makala ambayo sijaandika.

Baba mdogo alitaka kumwongezea unga. Tulibishana jioni nzima. Nilimwambia, baba mdogo, huyu hataki chakula kingi, anataka chakula kibaya. Alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, wewe ulienda chuo ukarudi kutufundisha kunyima mnyama?"

Nataka kulijibu swali hilo hapa, kwa sababu lina mtego, na wapo wanaoanguka upande wa pili. Kunyima ni kosa kubwa zaidi. Punda mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unafungua ghala lake la mafuta lote kwa mpigo mmoja. Damu inajaa mafuta, ini linazidiwa, na wengi wanaofika hapo hawarudi. Hata huzuni inatosha kuanzisha hilo: umeuza mwenzake, umemfungia peke yake, ameacha kula, kwisha. Kwa hivyo sikusema anyimwe. Nilisema abadilishiwe. Atafune kutwa kitu chenye nyuzi nyingi na sukari kidogo.

Na kitu hicho kiko, tena karibu. Panda barabara ya Timau wakati wa mavuno uone mashamba ya ngano na shayiri. Kombaini ikishapita, mabua yanabaki yamelala. Mabua makavu ya shayiri ndiyo wanayopewa punda kule Uingereza, kwenye vituo vinavyohifadhi punda wazee, kama chakula chao kikuu. Si nyongeza, chakula kikuu, mradi punda ana meno mazuri. Ya ngano ni magumu kidogo lakini yanafaa. Yasiwe na ukungu wala vumbi. Weka chumvi ya kulamba, maji safi, na nyasi kidogo ya kijani uliyoipima mwenyewe kwa mkono. Tunaishi jirani na chakula cha punda na tunamlisha wanga.

Kuhusu kumtoa nje: siku zile za mwanzo, ukwato ukiwa na joto, asitembee kabisa. Asivute, asipelekwe mtoni, asifanyishwe "mazoezi anyooke." Apewe sakafu laini ya maranda au mabua mengi chini ya paa. Paa ni lazima, kwa sababu manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Mvua yetu inamlowesha hadi kwenye ngozi, na ukwato unaolala kwenye matope unalainika, unaoza, unafanya jipu. Maumivu yakitulia, na ukwato ukishakatwa na mtu anayejua, ndipo atoke. Atoke kwenda wapi? Hapo ndipo watu wananirukia.

"Shamba la waru limefika mpaka kwenye ukuta wa choo, na wewe unataka uwanja wa punda?"

Lakini buda, sikiliza uzuri wake. Punda huyu anahitaji ardhi isiyo na nyasi. Anahitaji ile sehemu yako isiyozaa. Pale nyuma ya stoo ambapo lori hugeuzia. Pale pa mawe. Pale ambapo shosho alishajaribu sukuma wiki ikakataa. Zungushia nguzo na mbao za kale, mtupie mabua pembe mbili tofauti ili atembee akitafuta, mpe mwenzake, na umemjengea Isiolo ndogo. Ukweli ni kwamba kamba ya barabarani ndiyo ghali: inampa sukari yote anayoweza kufikia, inamnyima mwendo, inamwacha kwenye mvua, na pikipiki ikija kwa kasi hana pa kukimbilia.

Wapo pia wanaosema basi mwachilie tu atembee, kama zamani. Zamani kulikuwa na pa kutembea. Mfano wa siku hizi ni Lamu, ambako punda akimaliza kazi huzurura vichochoroni. Wakuu wa mapenzi ya Lamu hupiga picha hizo sana. Lakini punda hao hula jalalani, na mifuko ya plastiki imewafunga matumbo wengi. Lamu ina hospitali ya punda tangu 1987, ya bure, na haikosi kazi. Plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017 lakini uchafu haukuisha siku hiyo. Huku kwetu akiachiwa ataingia kwenye waru ya mtu, na jioni utapigiwa simu umfuate na panga limeshampitia mguuni. Kuachilia bila kupanga ni kamba ileile, imefichwa tu.

Kitu kingine kinachoniudhi ni hesabu yetu ya haki. Wakulima wa hapa tumelia miaka juu ya magunia ya kilembwe, yale ya kushonewa kofia juu mpaka yanapita kilo 110 huku broka akilipa gunia moja. Kanuni za waru za 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50. Tulisherehekea, na bado tunapigana zifuatwe. Nami naziunga mkono kwa mikono miwili. Lakini gunia hilo hilo la kilo 50 tayari ni kama theluthi ya uzito wa punda, ambayo ndiyo kikomo cha mgongo wake, na wewe unamwona akipanda kutoka bondeni na mawili. Tulipokuwa tunahesabu kilo za kuonewa sisi, yeye hatukumhesabu. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi, na inakataza pia kumtumia mnyama aliye mgonjwa au mwenye jeraha la kumfanya asifae kazi. Haipiti msimu bila punda kumi wanaochechemea kupita mbele ya kituo cha polisi, na askari wanawapisha njia.

Na kuna mtu mmoja anayempenda sana punda anayechechemea. Ni broka wa ngozi. Kuanzia 2016 serikali ilipatia leseni vichinjio vya punda, Mogotio, Naivasha na kwingine, ngozi ziende China zikachemshwe kuwa dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Februari 2020 Peter Munya, aliyekuwa gavana wetu hapa Meru kabla ya kuwa waziri, alipiga marufuku biashara hiyo. Mwaka uliofuata mahakama ikaitupa marufuku yake. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuisimamisha bara zima kwa miaka 15. Nzuri. Lakini makubaliano ya Addis Ababa hayafiki bondeni usiku. Punda mzima ana mwenyewe anayemlinda. Mlemavu mwenyewe ameshamchoka, na anayekuja na elfu chache gizani anaonekana kama mkombozi.

Ndiyo maana hii si makala ya kupenda wanyama. Kijana mwenye mkokoteni hapa analipwa kwa gunia. Punda akilala, hana mshahara, hana likizo, hana bima, na bei ya punda mwingine imepanda kwa sababu waliobaki ni wachache. Akishindwa kumponya huyu, atarudi kuwa kibarua kwenye mkokoteni wa mtu mwingine, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Namjua mmoja wa hivyo. Alimlisha punda wake makapi mpaka siku ya mwisho, kwa mapenzi, akinunua kwa deni.

Afisa wa mifugo wa kaunti akija kwenye mkutano anazungumza maziwa, maziwa, maziwa. Hajawahi kutaja ukwato. Sisi vijana wa mikokoteni na wa vyama vya waru tungeweza kumlazimisha, lakini hatujawahi hata kuandika jina la punda kwenye ajenda. Chama kikikata shilingi mbili kwa kila gunia linalopita mgongoni mwake, msimu mmoja unamleta mkata-kwato kila baada ya miezi miwili, unanunua mabua ya shayiri lori zima, na unazungushia uwanja mmoja mkavu wa punda wagonjwa wa kijiji chote, wakae pamoja. Broka akatwe nusu, mkulima nusu.

Baba mdogo alikubali mwishowe, si kwa sababu nilimshinda, ni kwa sababu unga ulipanda bei. Punda yuko nyuma ya stoo na mbuzi wawili kama wenzake, anatafuna mabua tangu alfajiri. Shingo haijashuka. Kwato za mbele zina mistari ya mviringo itakayochukua karibu mwaka kukua na kuisha, na hajarudi kwenye mkokoteni. Majirani wanapita wanamwonea huruma, ati amekonda. Juzi mama mmoja alimrushia mahindi mawili mabichi juu ya ua, nikayatoa mdomoni mwake moja baada ya jingine, naye akanipiga teke.